Akropoli ya Migomba

Kamembe, 20 Januari 2023

Yaya Laurence,

Kama kati ya Kamembe na Bujumbura kuna muntu mwenye bahati kunipita mimi, basi hajazaliwa bado, na siku atakayozaliwa nitampelekea zawadi. Kaa chini. Shika kitu. Lakini salamu kwanza, dada yangu mkubwa, tusifanye kama bantu bamelelewa porini.

Maman anakusalimu. Goti lake limepona kabisa. Jumapili iliyopita alipanda kwa mguu mpaka misa ya Mibirizi, akanipita kwenye mwinuko, na kule juu akanigeukia mbele ya bakristo bote: "Munyemana, juu ya nini unapumua sawa muntu anazaa?" Kazi yangu ya mahema na viti inakwenda moto. Harusi mbili Kamembe, moja Nkanka, na bibi harusi wa Nkanka alisema upinde wa migomba kama wangu hajauona hata Bukavu. Mimi Bukavu, Uvira, Kalemie nimezitembea zote, ninajua alichokuwa anasema.

Sasa bahati yenyewe. Nilikuwa ninatoka Kigali kwa basi. Nani amekaa karibu na mimi? Bwana mkubwa, suti, viatu vinang'aa, ungeweza kujinyoa ndevu kwa kuvitazama. Unanijua, mimi hata jiwe nikikaa nalo saa moja litanieleza ukoo wake. Kumbe yule bwana anajuana na bantu ba mambo ya visa! Nikamwambia: nina dada yangu Athene, anatunza batoto ba bengine, na mtoto wake mwenyewe, Benitha, anakaa kwangu na bibi yake, hawajaonana tangu mtoto alikuwa na meno ya maziwa. Yule bwana akalia, Laurence. Nilimpa leso yangu, na ile leso sikuiona tena.

Kwa kifupi: visa ya Benitha imetoka. Agosti, likizo kubwa, mtoto wako anapanda ndege anakuja kwako. Usinishukuru, utaniaibisha.

Ninakuandikia kwa karatasi, juu simu yangu anaishika Benitha. Anasoma message zote kabla yangu, na zingine anazijibu. Mambo ya bakubwa yapite posta.

Mimi mdogo wako mwenye nyota,
Munyemana


Athene, 26 Februari 2023

Mdogo wangu Munyemana,

Salamu kwako na kwa Maman, na goti lake liheshimiwe. Mimi niko salama. Kazi ni ile ile, watoto ni wale wale: Danai anajifunza piano na sisi sote tunateseka, Petro hali chochote chenye rangi ya kijani. Baridi imeanza kupungua.

Barua yako niliisoma jikoni, mlango nimefunga, bomba nimefungulia ili wasinisikie. Sikulia. Nilipiga kelele kidogo tu, mpaka Danai akaja kuuliza kama nimeungua.

Lakini mimi nilifundisha darasa la nne Mibirizi kabla ya kuja huku. Ninamjua mwanafunzi anayeinua mkono kabla swali halijaisha. Basi la Kigali, bwana wa suti, machozi, leso. Sawa. Sitauliza sana, naogopa nikiuliza sana litayeyuka. Niambie mambo machache tu: ndege gani, tarehe gani, na nani atamshika mkono pale Kigali. Ana miaka kumi na miwili, mlangoni anajifanya jasiri, halafu ndani anatafuta mtu.

Hapa nimekwisha kuanza. Patron wangu wa kazi amekubali godoro la pili katika chumba changu. Nimenunua viatu vya wazi vya kutembelea mawe. Sijui mguu wake sasa una ukubwa gani, nimekisia.

Benitha ananiuliza katika kila message juu ya kilima cha Akropoli kuna nini. Mwambie nitamwonyesha mwenyewe. Akropoli ninaiona dirishani kila siku, ni nzuri. Hayo mengine ataona.

Dada yako,
Laurence


Kamembe, 2 Aprili 2023

Yaya Laurence mpenzi wa maswali,

Tunakusalimu wote, na ng'ombe wa jirani pia, maana amezaa na kelele zake tumezizoea kama redio. Maman anasali rozari kwa ajili yako, halafu anaongeza fumbo moja kwa ajili yangu, anasema mimi ninahitaji zaidi.

Benitha ni mzima. Kuna wiki moja alinyamaza kabisa, hakugusa hata simu yangu, nikafikiri ni koo. Imepita. Sasa anakula, anagombana, amerudi kuwa yeye.

Ndege: ndege zote ni ndege, zina mabawa mawili, hilo nimehakikisha. Tulia.

Sasa nisaidie kwa jambo la maana. Siwezi kukubali mtoto wetu afike kule awe wa nyuma katika kundi, batoto ba Wagiriki banajua kila kitu na yeye anatoa macho. Ninataka afike akiwa amekwisha kujua. Kwa hiyo niandikie Akropoli yote. Nguzo ngapi mbele, ngapi ubavuni? Unene wake? Zimenyooka au vipi? Yule mwenye kutembeza batoto kule anasimama namna gani, anashika nini, anasema nini ili basilale? Usinidanganye kwa kifupi, mimi ni fundi, ninataka vipimo.

Mimi pia ninayajua magofu, usifikiri. Kalemie niliona nyumba moja ya Wabelgiji haina paa, nikakaa ndani yake mchana mzima nikila ndizi. Lakini haikuwa na mwenye kueleza.

Mdogo wako,
Munyemana


Athene, 14 Mei 2023

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Danai ameng'oka meno mawili. Miguu yangu inavimba jioni, ni ngazi za nyumba hii, usimwambie Maman.

Umeuliza nguzo ni ngapi. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui. Miaka yote hii nimeiona Akropoli kutoka dirisha la chumba cha kufulia nguo, na sikuwahi kupanda. Siku zangu za ruhusa nilizunguka chini ya kilima, nikala karanga, nikarudi. Mara ya kwanza nilikuwa nimeiweka. Nilitaka nipande na Benitha, mkono wake katika mkono wangu. Ndiyo maana barua yako iliniudhi, nikaitia kwenye droo.

Halafu juzi shule ya watoto hawa ikapanga kuwatembeza magofuni, na mama mmoja aliyepaswa kulinda kundi akaugua. Patron akasema, "Laurence utakwenda wewe." Nikamwomba Benitha radhi kimoyomoyo, nikapanda.

Munyemana, usicheke. Kiongozi ni mwanamke mfupi mwenye sauti kama kengele ya shule. Anainua mwavuli uliofungwa juu ya kichwa, na kundi lote linafuata mwavuli. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu, umeachwa. Mbele ya hekalu kubwa la juu alianza na miaka na majina ya watu, na hapo hapo Petro akaanza kutafuna kola ya shati. Yule mama akaona. Akageuza maneno: "Nani ataniletea mstari mmoja ulionyooka katika nyumba hii?" Watoto wakatawanyika kutafuta kama wamefichiwa peremende. Hakuna! Nguzo zimenenepa kidogo katikati, kama mtu aliyetoka kula, na zote zinainama ndani kidogo, kama wanaosengenya. Mbele ni nane, ubavuni kumi na saba ukihesabu na zile za pembe. Zina mifereji kutoka juu mpaka chini. Kuzigusa ni marufuku, mlinzi anapuliza filimbi, kwa hiyo akawapanga watoto watano wakashikana mikono wakafanya duara: "Huu ndio unene wa nguzo moja." Wakainua vichwa kuitazama, Munyemana. Hata Petro.

Mawe ya njiani yanateleza kama sabuni. Na kila mahali kuna jukwaa la mafundi, wanatengeneza. Danai aliuliza kama nyumba bado haijaisha kujengwa.

Alituambia hadithi ya mungu wa bahari na mungu mwanamke, Athena, waliogombania mji. Yule akapiga mwamba, yakatoka maji ya chumvi. Huyu akapanda mti wa zeituni. Watu wakachagua mti.

Upande mwingine wako wanawake sita wa mawe, wamebeba paa la kibaraza kwa kichwa. Danai akaniuliza kama inawauma. Nikamwambia kwetu Ruhwa wamama wanavuka mpaka na mikungu kichwani wakizungumza mambo yao, na hakuna anayewapiga picha. Halafu nikatazama vizuri. Wana ngata! Jiwe la mviringo, kati ya kichwa na paa. Nilicheka peke yangu mpaka kiongozi akanyamaza kunitazama.

Hao wa nje ni nakala. Wa kweli wako katika makumbusho, chini, watano. Wa sita alichukuliwa London zamani, na wenzake wameachiwa nafasi yake wazi. Petro akauliza, "Huwa anaandika barua?" Watu walicheka. Mimi nilikwenda kusimama karibu na ukuta kidogo.

Vipimo vyako hivyo. Sasa na wewe nipe changu: tarehe.

Laurence


Kamembe, 18 Juni 2023

Yaya,

Barua yako nimeisomea Maman na Benitha mara nyingi mpaka inachanika kwenye mikunjo. Maman anasema yule mama wa mwavuli apewe parokia. Benitha amefunga mwavuli wangu wa kazini na haturuhusu kuufungua hata mvua ikinyesha.

Nina jambo la kukuuliza kama fundi kwa mwalimu. Mgomba, ukiuvua yale makoti yake ya nje, unabaki na mifereji kutoka juu mpaka chini, sivyo? Na katikati umenenepa. Ninasema tu. Nkanka bantu bamekata ndizi nyingi mwezi huu na migomba iko imelala bure. Ninatayarishia batoto ba kule kitu kidogo cha likizo, kusudi Benitha afanye mazoezi. Usijali.

Nimepata pia miti ya hema, turubai, na ruhusa ya Mzee Ntabaza, mkuu wa kijiji, tutumie kilima chake juu ya ziwa mahali mbuzi zake zinalala. Aliniuliza ni kwa ajili ya nini. Nikamwambia ni ya elimu. Neno hilo halikataliwi na muntu.

Tarehe ipo, inakuja. Kula vizuri.

Munyemana


Athene, 16 Julai 2023

Munyemana,

Maman salamu, Benitha salamu. Hapa joto linaua, mchana Akropoli inafungwa watu wasianguke.

Barua yako ilikuwa migomba mwanzo mpaka mwisho. Nimeisoma mbele na nyuma, hakuna tarehe.

Basi nisikilize. Patron amenipa wiki ya mwisho ya Agosti. Kama hunitajii siku, mimi nitakwenda uwanja wa ndege siku zote za wiki ile. Nitasimama pale wanapotokea watu wanaotoka upande wenu, nitashika kitambaa cha njano anijue kwa mbali. Sina haja ya kujua ndege gani. Nitazingoja zote.

Viatu nimevibadilisha, nimechukua vikubwa zaidi. Nafikiri amekua.

Laurence


Kamembe, 7 Agosti 2023

Yaya Laurence,

Barua hii anaibeba Akilimali, muuza vitenge wa hapa Kamembe. Anakwenda Istanbul kununua mali, ataituma kutoka kule kwa njia ya haraka. Amekubali kwa sharti nimpambie harusi ya mwanawe. Nilikupigia simu mara mbili wiki hii. Ukaitika kwa furaha, na mara zote mbili nilikuuliza kama kule kuna joto.

Maman ni mzima, na amekuwa nyota, utaona. Sasa keti nikueleze, juu Nkanka haijawahi kucheka vile.

Jumamosi tulifungua Akropoli. Nguzo nane za mbele nilizisimamisha mwenyewe, nimezivua makoti, nyeupe, mifereji yote inaonekana. Zilipendeza mpaka nikazivulia kofia. Za ubavuni hazikutosha, na tatu zilikataa kusimama. Lakini uzuri wa magofu ni hapo, Laurence! Nguzo ikikataa, unaiacha ilale, na unasema iko hivyo tangu zamani. Katika harusi ningefukuzwa. Katika Ugiriki ninaitwa mtaalamu.

Zilizobaki nikazipanga safu mbili kwenye njia ya kupandia, ili bageni bapite katikati. Na hapo ndipo nilipokosea. Mimi kazi yangu ni nini? Harusi! Migomba ikisimama safu mbili kando ya njia, na aliyeisimamisha ni Munyemana, hata mtoto wa kunyonya anajua: kuna bibi harusi, au kuna mkubwa anakuja. Sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimemezwa na Wagiriki.

Asubuhi ninafika na Benitha, Maman, na batoto kama ishirini, ninakuta njia imefagiwa. Imefagiwa, na imenyunyiziwa maji! Kwaya imesimama na sare. Bamaman ba sambaza, zile dagaa zetu, balikuwa banatoka ziwani kwenda sokoni Kamembe, bametua mabeseni banangoja. Na Mzee Ntabaza yuko ndani ya koti la sufu, jua hili la Agosti, karatasi ya hotuba mkononi.

"Munyemana," akaninong'oneza, "mugeni anafika saa ngapi?"

"Mugeni gani, Mzee?"

"Usinifiche. Iko askofu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi iko harusi. Nani anaoa hapa bila kuniambia, mie chef ya kijiji?"

Nyuma yake yuko Mugwaneza, kiongozi wa bamaman ba sambaza, unamkumbuka, yule mkubwa mwenye sauti ya kuvuka ziwa. Akapaza: "Njo yeye mwenyewe anaoa! Mungu iko! Munyemana amepata mwenye kumukubali!" Vigelegele. Mama mmoja alinikumbatia akalia. Maman yetu, badala ya kunitetea, akaanza kucheza.

Nikapanda juu ya kreti ya bia. Jasho linatoka mpaka kwenye masikio. Nikasema: "Bantu bangu! Mugeni wa leo ni Ugiriki!"

Mzee Ntabaza akauliza, "Ugiriki ni mutoto ya nani?"

Nikamtazama Benitha. Niliogopa, Laurence. Nilifikiri mtoto atakufa kwa haya, bantu mia bamemkazia macho. Akavuta pumzi. Halafu akainua ule mwavuli uliofungwa juu ya kichwa, akapiga kelele, sauti ni yako ile ya darasa la nne: "Bote mufuate mwavuli! Mwenye kusimama tunamuacha!"

Na balifuata! Kwaya, bamaman, bavuvi, mbuzi, chef na koti lake.

Mimi mjomba wake nikajaribu kusaidia. Nikasema hii nyumba ilijengwa na mfalme mmoja aliitwa Akropolo. "Tonton, nyamaza," Benitha akasema, "hakuna mufalme wa jina ile. Ilikuwa nyumba ya mungu mwanamuke, Athena." Maman akashtuka: "Mungu mwanamuke? Padri anajua?"

Akauliza nani atamletea mstari ulionyooka. Batoto bakakimbia kila upande, bakarudi mikono mitupu, juu kazi yangu haikuwa na mmoja. Pale Wagiriki na mimi tuko sawa kabisa. Akapanga batoto batano kwa duara kuonyesha unene wa nguzo. Mugwaneza akasogea: "Acha kusumbua batoto. Unene ile mie peke yangu ninatosha." Akaingia katikati akaijaza, bantu bakalala chini kwa kicheko.

Halafu ugomvi wa mungu wa maji na Athena. Mzee Ntabaza akataka awe mungu, alisema cheo kinamruhusu. Akapiga mwamba na fimbo. Maman akawa Athena, na mche wa avoka, mparachichi, juu zeituni sisi hatuna. Benitha akasema, "Chagueni!" Bavuvi bote bakakimbilia kwa chef banapiga kelele, "Maji! Maji!" Benitha akabaambia, "Maji ya mungu ule iko na chumvi." Bakatazamana, bakatazama ziwa letu tamu pale chini, bakahamia kwenye avoka mmoja mmoja, na haya. Ntabaza alidai tuhesabu upya.

Bamaman sita bakasimama na mabeseni na ngata zao, turubai la hema langu juu ya vichwa, nyuso kavu kama jiwe. Bado nina alama kwenye mkono nilipojiuma nisicheke. Lakini sambaza hazingoji. Wa sita akatoka polepole chini ya turubai: "Munisamehe, wateja banangoja Kamembe." Benitha hata hakusita. "Ule njo ameenda London," akasema. "Tumuachie nafasi yake." Na bale batano bakakaza shingo, nafasi ikabaki wazi, na pale hakuna aliyecheka.

Hotuba ya Ntabaza haikupotea. Aliisomea nguzo: "Karibuni Nkanka, bageni betu baheshimiwa, Wagiriki." Kwaya ikaimba nyimbo za harusi, juu ndizo ilizozifanyia mazoezi. Nadhani tumeziozesha nguzo nane kwa siku moja.

Mwisho mtoto mmoja akamuuliza Benitha, "Weye ulifika kule kabisa?" Akasema, "Bado. Mama yangu alifika, njo aliniandikia." Alisema na kifua mbele, ungemuona.

Jioni tulikuwa tunakusanya turubai, yeye na mimi. Akasema, "Tonton, mie leo nimefika. Mama njo yeye banamuacha peke yake ku aéroport, na kitambaa." Akaendelea kukunja. Nikaenda kutafuta kalamu.

Laurence, sasa ninaandika polepole. Benitha nilimwambia ukweli Machi, ile wiki aliyonyamaza. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama anajua?" Nikasema bado. Akanitazama kama muuguzi anavyomtazama mwanaume anayekimbia sindano, na tangu siku ile ananitazama vile kila nikirudi kutoka posta. Mguu wake ni namba thelathini na saba, tumeupima. Viatu uviweke. Tutaomba tena, na safari hii karatasi zote utaziona wewe mwenyewe kabla hazijaondoka, na mimi mdomo wangu nitaufunga.

Usiende uwanja wa ndege. Usishike kitambaa. Visa haikutoka. Walikataa Januari, na barua ile ya kwanza niliiandika siku ile ile nimetoka kuambiwa. Bwana wa suti hayuko na hajawahi kuwako. Ndani ya basi nilikaa na mama mmoja na kuku wake wawili, na aliyelia ni mimi. Nilikudanganya.

Munyemana